Intaneti ya hewani: siku Marekani na Ulaya walikubali ufunguo mumoja

Mu mitaa yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, inua macho uangalie juu ya mabati. Hautakosa kuona kisanduku kidogo cheupe, ao antena ya mviringo, yenye haifanye kazi tena. Historia yake tunaijua wote. Kampuni fulani ilikuja, ikauza kisanduku kwa dola, baba akakata ku mushahara, watoto wakapata intaneti ya kufanyia masomo. Kiisha miaka mbili ao tatu kampuni ikafunga mulango. Ukipeleka kile kisanduku kwa kampuni ingine, kijana mwenye kuuza anakigeuza-geuza, anakurudishia: "Muzee, hii haiongee na yetu."

Leo tunataka kuzungumuzia lile neno: haiongee na yetu. Juu ya nini kisanduku kinaongea na munara mumoja na kinakataa mungine? Nani alipanga hivyo? Si swali la wainjinia peke yao. Tangu Mwezi wa 5, 2025, wakati ARPTC ilitangaza kwamba Starlink imepata ruhusa ya kufanya kazi mu inchi yetu, watu wanatuuliza wanunue kisanduku gani: cha satelite ao cha munara? Mbele ya kujibu, turudie nyuma kidogo, mupaka ku miaka yenye mabwana wa Marekani na wa Ulaya walibishana, na kiisha wakakubaliana, juu ya hicho kisanduku.

Tunazungumuzia intaneti yenye kupita mu hewa na kuishia fasi moja: nyumba, masomo, dispensaire, bureau ya mugodi. Munara unatuma mawimbi, antena ya ku nyumba inapokea. Haitembee nawe mu mufuko kama telefone. Kwa Kifaransa wanaiita accès fixe sans fil à haut débit.

Na kuna jambo la kuchekesha hapa, ao la kuliza. Inchi yetu ni ya pili mu dunia kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Kule Ulaya na Marekani, intaneti ya haraka ilianza kwa kupita ku waya za shaba za telefone zenye zilizikwa mu udongo tangu zamani. Sisi wenye kuchimba ile shaba, telefone ya waya karibu hatukuiona: za posta zilizeeka, zingine zikakatwa na kuuzwa kwa kilo. Njo maana kwetu intaneti haikuwa na njia ingine, ilipaswa kupita mu hewa.

Mutu mwenye anafanya kazi ku garage ya mugodi anajua mambo ya buloni. Mashini nyingi za zamani za Marekani, buloni zake zinapimwa kwa pouce. Zile za Ulaya kwa milimeta. Nusu pouce ni milimeta 12,7. Ukichukua ufunguo wa 13, unaingia, unaona kama umefaa. Ukikaza sana, unazunguka na kula kona za buloni. Ku mawimbi ya redio ni vile vile. Kisanduku na munara vinaweza kufanana kwa mambo mia moja, lakini kama kwa jambo moja havifanane, hakuna intaneti. Na ku redio haule kona, kinanyamaza tu.

Mu miaka ya 1990, kila fabrika ilitengeneza yake: munara wake, kisanduku chake, lugha yake. Ukinunua munara kwa fabrika moja, umefungwa kwake kama mutu mwenye deni ya duka. Bei inabaki juu kwa sababu fabrika inajua hauna fasi ingine ya kwenda. Wakati fabrika inakufa, mutandao muzima unakufa nayo.

Mu 1999, IEEE, lile shirika kubwa la wainjinia la Marekani lenye kamati yake ya 802 iliandika kanuni za Wi-Fi, liliweka kikundi kipya, likakipa namba 802.16. Mwenyekiti alikuwa Roger Marks, mwenye alikuwa anafanya kazi ku shirika la vipimo la serikali ya Marekani, NIST. Kazi yao: kuandika kipimo cha pamoja, norme moja, yenye fabrika yoyote inaweza kufuata. Upande wa Ulaya kulikuwa meza ingine, ETSI, mu Sophia Antipolis, kusini mwa Ufaransa, karibu na Nice. ETSI ilikuwa na mupango wenye kuitwa BRAN, na ule mupango ulikuwa unaandika vipimo vyake: HIPERACCESS kwa mawimbi ya juu, HIPERMAN kwa mawimbi ya chini.

Basi dunia ilikuwa inaelekea tena kwa pouce na milimeta. Kitu gani kilizuia? Kwa maoni yetu, ni kovu. ETSI ilikuwa na kidonda cha mbele. Ile BRAN iliandika kipimo kingine, HIPERLAN/2, cha intaneti ya ndani ya nyumba, cha kushindana na Wi-Fi. Ku sehemu ya redio, Ulaya na Marekani walipatana, karibu vyote vilikuwa sawa. Lakini sehemu ya juu, yenye kupanga nani aseme na nani angoje, kila mutu alibaki na yake. Wainjinia wengi walisifu HIPERLAN/2 kwamba imepangwa vizuri. Hata hivyo, uliza duka lolote kama lilishauza moja. Wi-Fi ilijaza dunia, HIPERLAN/2 ikabaki mu karatasi. Kupatana nusu hakukusaidia kitu, ni ule ufunguo wa 13 juu ya 12,7.

Ku mawimbi ya juu, hawakupatana kamwe. Kipimo cha kwanza cha 802.16 kilikubaliwa Mwezi wa 12, 2001, kwa mawimbi ya gigahezi 10 mupaka 66. HIPERACCESS ikaendelea na njia yake. Hasara haikuwa kubwa sana, kwa sababu mawimbi ya vile yanataka antena na munara vionane macho kwa macho bila muti katikati, na mvua kubwa inayapunguza nguvu. Mutu mwenye anajua mvua ya Katanga kuanzia Mwezi wa 11 anaelewa kwamba kile kitu hakikukuwa chetu.

Chini ya gigahezi 11 njo kulikuwa soko ya kweli. Kule wimbi linaweza kuzunguka kidogo nyumba na miti, antena inaweza kuwa ndogo, na bei inaweza kushuka. Marekani waliandika 802.16a, ikakubaliwa Mwezi wa 1, 2003. ETSI ilifanya jambo lenye mashirika makubwa hayapende kufanya: ilichukua kazi ya mungine kuwa musingi wa kazi yake. HIPERMAN ikajengwa juu ya 802.16. Si sehemu ya redio tu, hata ile sehemu ya juu yenye iliua HIPERLAN/2. Meza mbili zikawa zinatumiana barua na mapendekezo. Upande mumoja ukisahihisha kosa, mungine unaambiwa ili usahihishe pia. Kazi ya namna hii haina tamasha. Hakuna mutu alikata utepe. Ni koma na namba, mukutano kiisha mukutano.

Na usifikiri Ulaya ilinakili tu. Kitabu cha Marekani kilikuwa na shida: kiliacha milango tatu wazi. Namna tatu za kubeba maneno mu mawimbi, na fabrika ikichagua yoyote inaweza kusema "mimi ninafuata 802.16a". Kwa hiyo fabrika mbili zingeweza kufuata kitabu kimoja, zote mbili kwa haki, na vyombo vyao visiongee! ETSI ilichagua mulango mumoja tu, ule wa kugawanya wimbi mu vijia 256 vidogo, ikaacha mingine. Ule mulango njo ulichaguliwa pia na WiMAX Forum, muungano wa makampuni wenye ulianzishwa mu 2001 kwa kupima kama vyombo vinapatana kweli. Tunaona pale ginsi meza ya pili inaweza kusaidia ya kwanza: si kwa kuongeza maneno, lakini kwa kukata.

Kiisha kukawa jambo tunalipenda kuliko yote mu hii historia. Kuandika "vinapatana" ni rahisi. WiMAX Forum ilitafuta maabara mu Málaga, kule Hispania, na kusema: leteni. Unaweka munara wa fabrika moja fasi hii, kisanduku cha fabrika ingine fasi ile, unawasha, unaangalia. Kikikataa, wainjinia wa fabrika zote mbili wanarudi ku kazi. Vyombo vya kwanza vilipata cheti mu Mwezi wa 1, 2006, vya mawimbi ya gigahezi 3,5. Kati ya fabrika zenye zilipita kulikuwa Redline ya Kanada na Sequans ya Ufaransa. Hesabu sasa: kikundi kilianza 1999, cheti kikatoka 2006. Miaka saba ili kisanduku cha mutu mumoja kiongee na munara wa mungine.

Mu Mwezi wa 10, 2007, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lile la Genève, UIT, liliingiza WiMAX mu jamaa ya vipimo vyake vya redio ya dunia nzima, pamoja na vya telefone. Korea ya Kusini, yenye ilikuwa na yake iliitwa WiBro, ilikwisha kuiunganisha na 802.16. Marekani, Ulaya, Korea, Genève: wote ku meza moja. Ungesema kazi imekwisha.

Lakini WiMAX ilikufa. Lazima tuseme ukweli wote, ao wasomaji wetu watatuuliza: kama walipatana vile, juu ya nini kile kisanduku cha juu ya bati kimenyamaza?

Sababu moja ilitoka ndani ya nyumba. Mu Mwezi wa 12, 2005 walikubali 802.16e, ya kutembea, kwa telefone na ordinateur. Ilikuwa ya nguvu kuliko ile ya nyumba, lakini kisanduku cha ile ya mbele hakikuweza kuongea na munara wa ile mupya. Vyeti vya Málaga havijakauka wino, na tayari kipimo kilivunjika vipande viwili. Mutu mwenye alinunua cha kwanza alibaki na buloni ya pouce mu garage ya milimeta. Kwa sisi, lile njo kosa kubwa, na hakuna fabrika ya kulaumu: ni meza yenyewe ilifanya.

Sababu ya pili ilitoka inje. Tangu Mwezi wa 12, 1998 kulikuwa ushirika mungine, 3GPP, wa watu wa telefone. Ule haukukuwa meza mbili zenye kutumiana barua. Mashirika ya vipimo ya Ulaya, Marekani, Japani, Korea, China na kiisha India yaliketi pamoja, yanaandika kitabu kimoja, kila mutu anakipeleka kwake bila kukibadilisha. Wao walitoa 4G yenye kuitwa LTE, na mutandao wa kwanza wa kuuza ulifunguka Mwezi wa 12, 2009, mu Stockholm na Oslo. Makampuni ya telefone ya dunia karibu yote yalikuwa na minara ya GSM na watu wa GSM. Walienda kwenye walizoea. Vyombo vya LTE vikatengenezwa kwa mamilioni, bei ikashuka, na WiMAX haikuweza kufuata. Hata Marekani, kwenye ilizaliwa, mutandao wake mukubwa ulikuwa umezimwa mu 2016. Kwetu ikazimika kimya-kimya, bila mutu kutuambia.

Kwa hiyo visanduku vilivyokufa juu ya nyumba zetu si vya ukoo mumoja. Vingine vilikuwa vya lugha ya fabrika moja. Vilikufa siku kampuni ilifunga. Vingine vilikuwa vya WiMAX, vilifuata kipimo cha pamoja, na vilikufa kwa sababu kipimo chenyewe kilishindwa. Ukiviangalia toka barabarani hauoni tofauti. Lakini tofauti iko: yule wa kwanza hakukuwa na nafasi hata siku moja. Yule wa pili alikuwa nayo, kama kungekuwa kampuni mbili za WiMAX mu muji wake.

Tuje sasa ku maduka ya leo. Kisanduku cha 4G ao 5G cha ku nyumba kinafuata kitabu cha 3GPP. Ku karatasi, kinaweza kuongea na kampuni yoyote yenye kutumia mawimbi yale yale. Ku soko ni mambo mengine. Kampuni inakiuza kimefungwa, kinakubali carte SIM yake peke yake. Wainjinia walihangaika miaka kumi na tano ili mulango ufunguke; muuzaji anaweka kufuli kwa dakika moja. Kuna tena shida ya mawimbi: kisanduku chenye ndugu alikutumia toka Ulaya ao Dubai kinaweza kuwa cha 4G safi kabisa, lakini hakijue mawimbi yenye kampuni za kwetu zinatumia.

Starlink ni jambo lingine. Sahani yake inaongea na satelite za Starlink tu. Hakuna kitabu cha pamoja chenye fabrika ingine inaweza kufuata ili itengeneze sahani ya bei ndogo. Hatuseme watu wasinunue. Mu Mwezi wa 3, 2024 ARPTC ilikuwa inakataza kuitumia, leo iko na ruhusa, na kule kwenye machimbo ya mbali, kwenye hakuna munara hata mumoja, ni nani atamwambia mutu angoje? Tunasema tu: ununue ukijua. Bei ya mwezi inatoka fasi moja, na siku hamupatane tena, sahani ni ya kuanikia samaki. Ile 3GPP yenyewe ilianza kuingiza satelite mu kitabu chake, mu toleo la 17 la mwaka wa 2022. Kwa sasa inahusu zaidi telefone na vyombo vidogo. Ya ku nyumba tutaingoja.

Hapa tunafika ku serikali. Watu wengi wanajua ARPTC kwa sababu ya ile RAM ya 2020, yenye ilikuwa inakula unite zetu mupaka ikaondolewa mu 2022. Jina lake halinukie vizuri mu cité. Lakini ni ile ile yenye kugawa mawimbi na kutoa ruhusa, na ndani ya ruhusa inaweza kuandika masharti. Tunaomba sharti mbili, hazigharimu serikali hata franka moja: kisanduku chenye kimelipwa chote kifunguliwe bila feza ya juu, na kampuni yenye kutaka kutumia vyombo vya lugha ya fabrika moja imwambie munuzi kwa maandishi, mbele ya kulipa.

Na zile meza za mbali, sisi tuko wapi? Ku IEEE hakuna inchi yenye kupiga kura. Mutu anapata sauti kwa kuhuzuria mikutano, leo muji huu, kesho muji ule, tiketi ya ndege na hoteli juu yake. Ku ETSI, wanamemba wengi ni makampuni makubwa. Kongo haipatikane pale kirahisi. Ku UIT ni tofauti. Kule kila inchi iko na kiti, na mu mukutano wa dunia wa mawimbi ya redio sauti ya Kongo inahesabiwa sawa na ya Ufaransa. Mukutano unaokuja umepangwa kufanyika Shanghai mu 2027, na mawimbi ya satelite yatazungumuzwa sana. Tungependa kusikia mu redio, mbele ya wajumbe kupanda ndege, wanaenda kusema nini.

Wazee wa reli wanajua bei ya kukosa ku meza. Njia yetu ya kusini ina upana wa milimeta 1.067, sawa na ya Zambia na sawa na ya Lobito. Vagon ya shaba inapita mupaka bila kushusha muzigo. Lakini ya Kabalo kwenda Kalemie ilijengwa na kampuni ingine, kwa mita moja kamili. Milimeta 67 tu za tofauti. Mu miaka ya 1950, wakati walitaka kuiunga na ile ya kutoka Kamina, walipaswa kwanza kusogeza chuma ku njia yote, kilometa kwa kilometa, mupaka ku ziwa.

Ku wale wenye wako tayari na feza mukononi wiki hii, uliza muuzaji mambo tatu. Kisanduku hiki kinakubali SIM ya kampuni ingine? Kinajua mawimbi gani, na kampuni gani zingine za hapa zinayatumia? Kampuni ikifunga, ninabaki na nini? Mwambie aandike jibu ku facture. Akikataa kuandika, hilo pia ni jibu.